Vidato

Ghorofa ya nne, Michenzani: vidato sabini na viwili.
Nilipokuwa mzito sikuvihesabu,
nilihesabu vituo tu.
Cha kwanza mlangoni kwa muuza mabarafu,
cha pili dirishani pasipo kioo,
cha tatu popote pumzi itakaponiachia.

Siku ya kumi na mbili tangu nipunguzwe tumbo
nina makovu matano, madogo kama mbegu za boga,
na karatasi ya Dokta Zuwena, mwandiko wa kuinama:
*Tembea. Tembea tu.
Usinyanyue kinachopita dumu la lita tano
mpaka wiki sita zitimie na nikuone.
Maji kwa mafunda, si kwa kikombe.
Kizunguzungu, kaa. Maumivu ya kuvuta, acha, nipigie.*
Nikamuuliza, na mazoezi lini?
Akacheka. Ndiyo hayo.

Bi Mize wa jumba la pili kaja na uji na hukumu:
mtu kapasuliwa, atokaje nje kabla ya arubaini?
Kwani nimezaa, Bi Mize?
Hukuzaa, umefanya nini basi?
Nimejizaa mwenyewe, nikamwambia,
na bado sijatoka miguu.

Kwa hiyo nashuka kumi na nane, napanda kumi na nane.
Kesho thelathini na sita.
Keshokutwa nalala, kwani mwili umekataa,
na kukataa kwake nako nimefundishwa kusikiliza.

Maji ya bomba siku hizi hayapandi.
Pandu ndiye anayepanda.
Ndoo moja kichwani, moja mkononi,
kanga yangu ya harusi kaisokota kuwa kata.
Vijana wa chini wakampigia vigelegele:
bi harusi kaenda kisimani!
Hakuwajibu. Alipofika juu aliitua ndoo,
akashika ukuta, akahema kama mimi wa zamani.
Miaka kumi na tisa, akasema,
mimi sikujua.

Wiki ya nne nilifanya ujinga.
Baada ya alfajiri, viwanja vya Maisara,
kikundi cha mazoezi kinapita na filimbi yake,
wanawake kwa wanaume, mabuibui na raba,
na miguu yangu ikakumbuka netiboli,
kidato cha tatu, mfungaji, jezi ya njano.
Nikakimbia.
Hatua tisa. Labda kumi.
Kisha nyasi zikawa nyeupe, nikakaa kama gunia.

Shaame, mwenye filimbi, akawaacha watu wake.
Hakunishika. Alichuchumaa mbali kidogo.
Umekunywa nini leo?
Mafunda matatu.
Umekula?
Bado.
Basi usiilaumu gari, mama, tangi kavu.
Haba na haba, nikamwambia, hujaza kibaba,
ila kibaba changu kimekatwa:
haba moja tu, kimejaa.
Akafikiri. Basi kijaze mara nyingi.
Nikarudi nyumbani kwa mwendo wa bibi kizee,
nikala nusu yai kwa robo saa, nikalia kidogo,
nikampigia Dokta nikamweleza ukweli.
Alinigombeza kama mtoto wa skuli, na alikuwa na haki.

Wiki ya sita kanibonyeza huku, kanibonyeza kule.
Haya. Lita kumi, mkono kwa mkono. Ndoo bado.
Kukimbia, tutazungumza.
Nikatoka pale kama niliyefaulu mtihani
wenye swali moja tu.

Leo napanda na dumu langu.
Kidato cha hamsini na nne, pale dirishani, nikasimama
kwa mazoea tu; pumzi ilikuwepo.
Pandu akawa anashuka na ndoo tupu.
Zamani hapa mmoja wetu angerudi nyuma,
na asiyerudi alikuwa mimi.
Leo tumepishana,
bega kwa bega, ndoo ikagonga dumu.
Kipi hicho? akauliza.
Hamsini na nne.
Ngoja basi, usinipotezee hesabu,
mimi ndio kwanza kumi na nane.