Lifti Haipandi Mlango Ukiwa Wazi

Jumatatu nilikimwaga kiungo kila mahali:
kundi la wapangaji wa Umoja, kundi la kwaya,
kundi la niliosoma nao, ambao hata nyuso nimezisahau.
Nilidhani matanga hayana lango.
Nani atamfungia mtu nje ya msiba?

Saa mbili na robo usiku tulikuwa sitini na wawili.
Ogeto alikuwa akisoma bei ya jeneza
sauti isiyo ya kwetu ilipokishika kikao,
ikatukana, ikacheka,
ikatutandazia uchi wa watu tusiowajua
mbele ya mamake Zablon,
aliyeshikiwa simu na mjukuu kule Nyamira.
Nikabonyeza huku, nikabonyeza kule.
Sikujua kitufe cha kumtoa mtu kiko wapi.
Mwingine akaingia kwa jina langu,
herufi kwa herufi, na picha yangu ya harusi,
akaandika nambari: tumeni mchango hapa.
Kufikia asubuhi shilingi elfu kumi na nane
zilikuwa zimekwenda kumzika mtu ambaye hakufa.

Jumanne mpwa wangu Nangila, wa kidato cha pili,
aliketi nami jikoni, stima ikizimika na kuwaka,
akanielekeza kama anayemvusha nyanya yake Barabara ya Jogoo.
Kikao kipya, nambari mpya.
Nenosiri akakataa "zablon", akakataa "msiba2":
"Shangazi, hilo hata mwizi aliyelala atalipata."
Wala lisitumwe pamoja na kiungo.
"Kwani ufunguo huwa unautundika kwenye kufuli?"
Basi nikawapigia mmoja mmoja, watu arobaini na mmoja;
salio likakatika mara tatu.
Kuonyesha skrini, mimi tu.
Nambari ya mchango, itamkwe na Nafuna mweka hazina,
kamera wazi, tuyaone mapengo yake.
Na kabla ya ndani, chumba cha kungojea,
kila jina lipige hodi, nami niwe bawabu.

Zablon alikuwa fundi wa lifti katikati ya jiji.
Siku moja tulikwama naye orofa ya chini,
mkoba wa mtu umebanwa na mlango.
Kamba nzima, mota nzima, akaniambia,
lakini hii haipandi mlango ukiwa wazi hata kidole kimoja.
Nilimcheka. Nilidhani anasifia kazi yake.

Jumatano.
Hodi ya Ogeto, karibu. Hodi ya Mama Kerubo, karibu.
Hodi ya mtu anayejiita Mgeni.
Mgeni wa nani? Nikaandika.
Kimya. Akaenda zake.

Kisha, saa mbili na dakika tano:
Zablon Ombui anaomba kuingia.

Kidole kilinikaukia juu ya kioo.
Ndani watu thelathini na tisa wanauliza tumekwama wapi.
Nusu yangu ilitaka kufungua bila swali,
kama mtu afunguavyo akisikia nyayo alizozizoea.
Nusu ikasema: juzi walikuiba wewe uliye hai,
kumwiba maiti ni kazi gani?

Nikampigia Kwamboka kwa laini ya kawaida.
"Ni mimi," akasema. "Yangu kioo kimepasuka.
Nimeshika yake. Sijui jina linabadilishwaje."
Akanyamaza kidogo.
"Hata ningejua."

Nikamfungulia.
Hakuna aliyesema kitu.
Jina lilikaa katika kisanduku chake cheusi, maikrofoni imezimwa,
katikati ya wajomba waliobishania nauli ya basi la Nyamira.
Nafuna akaisoma nambari, tarakimu kwa tarakimu,
akairudia.

Nikabonyeza kufuli.
Tulikuwa arobaini.
Nilihesabu mara mbili, pamoja naye.