Chini ni Mawe

Mimi sijawahi kumpiga mtu. Ninashona.
Cherehani yangu imekaa Birere
tangu kabla moto haujashuka kutoka mlimani,
na kila aliyekunja ngumi katika Goma hii
amenipitia na kitu kilichochanika.

Wa kwanza Bisimwa.
Glovu mbili kubwa kama vichwa vya watoto,
zimetapika sufi.
"Jaza, fundi. Jaza mpaka zione haya."
Enzi zile bondia alikuwa bondia, basi:
alfajiri mbio hadi uwanja wa ndege na kurudi,
mayai mabichi, kamba ya kuruka,
na siku ya kupumzika aliiita ugonjwa.
Ukimtajia mieleka anacheka:
"Nishuke chini kutafuta nini? Chini ni mawe."

Na kweli. Hapa ukianguka
jiwe la volkano halikupokei, linakukwangua.

Kisha Muhindo, mtu wa judo,
kimono chake nilikishona kwa magunia ya unga;
mgongoni ulisomeka bado: kilo hamsini.
Na wale wa karate, nyumba ya tatu,
wakivunja mbao ambazo hazikuwarudishia hata kofi.
Kila mmoja na mlango wake, kila mmoja na salamu yake,
na ubishi mmoja mtaa mzima: nani angemweza nani?

Jumapili moja, nyuma ya kanisa, wakaamua.
Bisimwa alipata ngumi moja tu.
Ya pili ilikuwa bado njiani
alipokumbatiwa, akainuliwa, wakaenda chini wote wawili,
wakazungushana juu ya changarawe nyeusi
mpaka watoto wakaacha kushangilia.
Mimi nilishona kimono. Muuguzi akashona viwiko.

Wiki ile Bisimwa alikuja mikono mitupu,
akasimama mlangoni, akakohoa.
"Fundi, unaweza kushona ardhi?"

Nikashona.
Turubai zilizobaki kambini,
sifongo ya magodoro yaliyochoka,
maranda ya wachonga chukudu kujaza pembe.
Siku nne na sindano saba zilizovunjika.
Tulipoitandika, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuanguka.

Sasa njoo umwone Kyakimwa,
binti wa muuza sambaza, kilo hamsini na mbili kwa mizani.
Ananiletea glovu zisizo na ncha. Nilidhani panya.
"Vidole vibaki wazi, fundi. Nina kazi ya kukamata."
Anasimamisha picha kwenye simu kwa kidole gumba,
anarudisha nyuma, anautazama mguu mmoja mara ishirini,
kisha anaujaribu kwa kaka yake.
Anapima ugali wake. Analala mchana, bila aibu.
Ngumi ya Bisimwa anayo, na mtupo wa Muhindo,
na teke la nyumba ya tatu,
halafu kuna kitu ambacho hakuwafundisha mtu hapa:
analala chali,
jambo ambalo kwetu lilikuwa mwisho wa maneno,
na mapaja yake yanafunga shingo ya mtu mzima
taratibu, kama mkasi wangu kwenye kitambaa kizito.
Mtu mzima anagonga turubai mara tatu.
Wanasaidiana kuinuka. Wanacheka.

Bisimwa hukaa pembeni na saa mkononi.
Bado anapiga kelele, "Simama! Simama!"
Hakuna anayesimama.

Juzi, wote walipokwisha kuondoka,
nilimkuta amevua viatu.
Alishuka kwa goti, kwa mkono, kwa goti la pili,
akajilaza chali, akanyamaza muda mrefu.
"Fundi," akasema, "mabati ya paa hili
yana rangi tatu. Ulijua?"

Sikujua. Nilikuwa naangalia mshono.
Pembe ya mlangoni imeachia tena,
huachia kila masika,
na ninapoingiza sindano kuirudisha
ncha inagonga kitu kigumu huko chini.