Mhuri wa Famau

Muhula wa pili mwalimu mkuu aliamua
A hadi E zipumzike kidogo,
vidato vya chini wapewe maneno mawili tu:
AMEFAULU, HAKUFAULU.
Mimi karani, nikatumwa mjini Malindi
na kikaratasi na shilingi mia nane,
kwa Famau, mtu wa Siyu, fundi wa mihuri,
akataye herufi kinyumenyume
kama mtu anayejisoma kwenye kioo.

Nikaijaribu juu ya gazeti kuukuu.
AMEFAULU. Sawa.
Wa pili ukatoka HAJAFAULU.

Silabi moja. Ku imekuwa ja.
Nikampigia simu. "Mwandiko wenu haukusomeka, dada.
Nami niliachia kidato cha pili,
nikakata lile ambalo ningependa kuambiwa."
Akakata na simu, au salio lilimwishia.

Mwalimu mkuu aliutazama ule wino wa zambarau
kama daktari anayetazama ulimi.
Mia nne nyingine hatukuwa nayo.
"Gonga," akasema.

Nikagonga.

Mahenzo, ambaye tangu darasa la nne
hajawahi kushuka chini ya A,
alisimama dirishani kwangu na ripoti yake.
"Kumbe mimi na yule wa hamsini na moja
tuna neno moja?"
Neno moja.
"Na zile usiku nilizokesha, ziko mstari upi?"
Nikapekua karatasi mbele na nyuma,
kwa heshima tu. Hazikuwamo.

Chengo, ambaye E ya hesabu
ilimganda hadi ikawa jina lake la utani,
hubadilisha yuro kuwa shilingi kichwani, kwa Kitaliano,
Jumamosi anapouza vikuku Casuarina.
Aliusoma mhuri wake mara mbili,
akaukunja vizuri, akautia mfukoni.
Wiki iliyofuata alikuja darasani siku zote tano.
Sijui kama ni ile ja
au ni watalii waliokuwa wamekwenda zao.

Halafu akaja mama yake Nyevu kutoka Muyeye,
unga wa mahamri ungali kwenye viwiko.
"Nisomee."
Hajafaulu.
"Mpaka lini?"
Sikujibu.
"Hiyo ja yenu ina tarehe?
Mimi dukani nikidaiwa ngano husema bado, sijalipa.
Siku ya nane mwenye duka hasikii tena.
Bado ni neno la mdeni, mwanangu.
Nipe ile herufi ya zamani, hata iwe mbaya,
nijue shimo lina kina gani
kabla sijatafuta kamba."

Nilitaka kumwambia juu ya herufi yangu mimi.
D yenye alama ya kujumlisha,
imo kabatini, bahasha moja na cheti cha ndoa.
Miaka kumi na tisa naijumlisha
na haijafika C.
Nilitaka kumwambia kwamba kina cha shimo, ukikijua,
unaweza pia kukaa humo ukapazoea.
Lakini kulikuwa na foleni.

Muhula wa tatu herufi zikarudi.
Wazazi waliandika barua, saini thelathini na moja,
ya mama yake Nyevu kwa herufi za Kiarabu,
nzuri kuliko zote, ikitoka kulia kwenda kushoto.
Hakuna aliyeiweka alama.

Mhuri wa Famau umo kwenye droo yangu
ubavuni mwa ule wa IMELIPWA.
Juzi stima ilipotea, nikapapasa gizani,
nikagonga risiti ya karo ya baba yake Mahenzo,
aliyelipa yote, hadi senti ya mwisho.
HAJAFAULU.
Nimesugua kwa raba, kwa mate, kwa ndimu.
Haijafutika.