Herufi Mbili

Jumanne ya kwanza alikuja Nasimiyu,
vumbi la Barabara ya Kirinyaga begani,
akaweka mezani noti zilizolowa jasho.
"Fulana mia mbili nyeusi. Leo leo, fundi.
Neno moja tu, jeupe, kifuani:
HATUTANYAMAZA."

Nilimwambia wino hutaka moto,
huanikwa, hupigwa pasi, hulazwa usiku mmoja
ndipo uzame ndani ya uzi.
Akasema nchi haina usiku mmoja.
Nikaona haya. Nikachapa.

Saa sita nilifunga kibanda, nikawafuata.
Mwenye duka la betri aligawa maji bure,
makarani walipunga vitambaa kutoka ghorofa ya tano,
bawabu wa benki, rungu kwapani,
alikuwa akitikisa kichwa kwa mwendo wetu.
Moshi wa polisi uliponifika nililia
na sikujua kama ni moshi.

Jumanne ya pili aliagiza mia tatu.
Ya tatu, themanini.
Ya nne aliagiza kumi na mbili,
akalipia saba.

Watu huniuliza, ule moto ulikwenda wapi?
Kana kwamba uliyeyuka.
Mimi hukaa dirishani. Niliuona ukiondoka
na haukukimbia, ulitembea tu:
ulikwenda kulipa kodi ya nyumba tarehe tano,
ulikwenda Pumwani, mke amejifungua,
ulirudi kazini kwa kuwa msimamizi
alikuwa ameanza kuandika majina.
Mwenye betri, kioo kilipovunjwa mara ya pili,
aliyauza yale maji,
na Jumanne iliyofuata akateremsha mlango mapema.
Mutinda, mpiga filimbi, aliyetangulia wote,
alikwenda Mwala kumzika nduguye
akakaa hukohuko.
Watatu waliitwa mezani, wakanyweshwa chai,
wakatoka wakisema "subira, subira."
Neno langu lile, la wino.

Na mimi nisijitoe.
Jumanne ya tano aliingia mtu wa koti
akitaka fulana elfu mbili za njano,
sura ya mheshimiwa wake mbele na nyuma.
Alilipa zote. Hakuwa na haraka.
Nilizianika, nikazipiga pasi, nikazilaza.
Zile hazichujuki hata ukizipigia deki.

Kisha vuli ikaja, mitaro ikafurika,
na kijana wa mjengo akajibanza kibandani mwangu,
saruji kwenye nyusi.
Niliijua fulana kabla ya kumjua mtu:
ukosi umechanika, weusi umekuwa kijivu,
na herufi mbili za mwanzo
zimekwenda na povu la beseni.
Kifuani palibaki
TUTANYAMAZA.

Hakujua amevaa nini.
Alikuwa akihesabu sarafu, moja moja,
kama zitafika Kayole.

"Ivue," nikamwambia, "nikurudishie HA. Bure.
Na safari hii nitaichoma inavyostahili."
"Itachukua muda gani?"
"Hadi kesho."
Akacheka. Akatazama mvua.
"Sasa fundi, hadi kesho nivae nini?"

Sikuwa na jibu. Nikainama chini ya ngazi,
nikafungua gunia lenye harufu ya panya.
Zilikuwa mle bado, tano,
zile ambazo Nasimiyu hakuzilipia,
hazijavaliwa, hazijafuliwa,
zimekunjwa miezi yote gizani.
Nilikwangua HA kwa ukucha.
Nikakwangua tena, kwa nguvu.
Haikutoka.

Nikampa moja.
Hakuisoma.
Aliivaa juu ya ile ya zamani,
kwa sababu ya baridi.