Kikombe cha Shaba

Kusumben aliponiachia kikombe hiki
hakuhutubu. Alikuwa anafunga duka,
majora yamekwisha, rafu ziko uchi,
na mwanawe kashatuma tiketi.
"Jaza maji usiku," alisema. "Asubuhi unywe.
Kabla ya chai. Kabla ya maneno."
Miaka kumi na tisa nimeshona barazani kwake
hakuwahi kunikopesha hata sindano.
Nikakificha ndani ya shati
nikakatiza Gongoni kama mwizi.

Kalunde alicheka hadi akakaa chini.
"Fundi Mihayo na uganga wa Kihindi!"
Nikanywa hivyo hivyo.
Maji yalikuwa na ladha ya zile senti tano
tulizokuwa tukizimung'unya utotoni,
na tumbo likanguruma, likashangaa:
nani huyu anabisha hodi kabla ya chapati?

Ulimi naukwangua kwa ukingo wa kijiko,
nyuma kuja mbele, taratibu,
kama mtu anayebandua ukoko asiitoboe sufuria.
Kinachotoka usikitazame sana.
Ni jana hiyo.

"Tumbo ni jiko la mkaa," alizoea kusema,
akijipepea kwa ncha ya sari.
"Saa saba mchana mkaa umekolea,
injika chungu kikubwa.
Saa tatu usiku ni majivu, fundi,
nawe unapakia ugali wa watu wawili
juu ya majivu,
halafu unaniuliza kiungulia kimetoka wapi!"

Basi saa saba nasimamisha cherehani.
Simu naitia kwenye droo, ilale na mabobini.
Wali, choroko, manjano kidogo, tangawizi,
kijiko cha samli kutoka Nzega.
Mteja na suruali yake atangoja.
Natafuna.
Miaka hamsini na mbili nimekula choroko
sikujua kuwa ni tamu.

Usiku, treni ya Kigoma ikishapiga honi,
naosha nyayo zilizokanyaga pedali tangu ujana,
napaka mafuta ya ufuta.
Siku moja kiuno kiligoma kuinama.
Kalunde akanipokonya chupa bila kuombwa,
dole gumba lake likazama katikati ya wayo.
"Hapa?"
"Hapo."
Hakucheka.

Nikaenda Sikonge kumsalimu mama,
nimejaa elimu yangu mpya.
Nikaanza: maji ya uvuguvugu, asali kijiko kimoja...
"Usiichemshe asali," akanikata.
Nani kakwambia?
"Baba yako alikuwa mrina asali au alikuwa karani?
Anayechemsha asali anawaua nyuki mara ya pili.
Na ulimi tuliukwangua kwa ubua wa mtama.
Huyo Mhindi wako kwao wapi, Sikonge?"
Nikanyamaza.
Safari nzima ya kurudi, vumbi mdomoni,
nilikuwa nawaona wawili hao jikoni pamoja,
wakigombea mwiko.

Sisemi nimepona.
Vidonge vya presha vya Kitete namung'unyika navyo bado,
daktari kasema nisiviache, siviachi.
Na wiki ya Idi, magauni arobaini yakiningoja,
nilikula viazi vya kukaanga saa sita usiku
nimesimama, uzi mdomoni.
Kiungulia kikanijia kama mdai.
Kesho yake nikaanza tena.
Kikombe kikiota kijani nakisugua
kwa ukwaju na majivu,
kinarudi chekundu, kama kimeona haya.

Huko aliko, wanasema, ni baridi mwaka mzima
na maji yanatoka ukutani yakiwa moto.
Sijui kama bado anangoja asubuhi.

Leo nimeamka, nimepapasa dirishani:
kikombe ni kitupu, ukingo una unyevu.
Kalunde yuko uani, anafagia,
anageuza uso akiniona.
Chai bado.
Hasemi neno.