Sehemu Inayofuata

Al-Khodh, saa nane usiku. Kiyoyozi kinakoroma,
mama naye anakoroma, kila mmoja kwa sauti yake.
Kwenye runinga Mturuki analia kwa Kiarabu.
Nilimwacha mama sehemu ya tatu,
sasa ni ya tisa, na yule bibi harusi
keshaachika, keshaolewa tena, keshapofuka,
bila shahidi hata mmoja.

Tano, nne, tatu: kijiduara kinajaa,
hakiulizi nani yu macho.

Nikachukua rimoti. Mipangilio. Akaunti.
Jina lake, Bi Ghaniya, na picha ya paka
aliyomchagulia mjukuu. Nikashuka chini kabisa,
pale penye tiki ndogo kama punje ya ufuta:
"Icheze yenyewe inayofuata."
Nikaiondoa.

Sehemu ikaisha. Chumba kikanyamaza.
Mama akafumbua macho papo hapo.
"Nani kazima?"
Sikuzima, mama. Nimeiambia isubiri.
"Imsubiri nani?"
Wewe.

Akautazama mto wa baba kwenye kochi,
ule tusiouthubutu kuufua.
"Tangu aondoke nalala na kelele za watu.
Pakinyamaza ndipo najua sina mtu."

Nikarudi kulekule: mipangilio, akaunti, paka.
Tiki nikairudisha mahali pake,
sauti nikaipunguza kidogo tu, kwa ajili ya majirani.
Nikajibana ubavuni mwake, miguu chini ya shuka lake.

Sehemu ya kumi ikaanza yenyewe.
"He! Huyu kapofuka lini?"
Sijui, mama. Nilikuwa jikoni.