Namba ya Silaha

Fomu ina mistari saba.
Afande Nyagawa anachonga kalamu ya risasi kwa wembe,
anapuliza vumbi, anauliza: Aina?
Gobore.
Namba?

Nje, ukungu wa Ilula haujaamua kuondoka.
Nimeshuka nalo tangu alfajiri, limeviringishwa blanketi.
Mama mmoja njiani alidhani nimebeba mgonjwa,
akasema pole.
Nikapokea.

Namba, dada.
Halina. Lina hadithi.
Andika kwamba babu Chavala alisema
liliokotwa Lugalo, nyasini,
siku Wadachi walipoingia bondeni na mizinga
na mikuki ikawahi kusema.
Andika kwamba walirudi baadaye, nyumba kwa nyumba,
wakidai kila bunduki, kila kopo la baruti,
nalo likalala ndani ya mzinga wetu, wa nyuki.
Kisha Mwingereza akaleta kibali, karatasi yenye taji,
kwa jumbe na jamaa za jumbe,
na babu, asiyekuwa jamaa ya mtu,
akaendelea kufuga nyuki.

Afande haandiki.
Analichungulia mdomo kama daktari wa meno,
anakwangua kutu kwa ukucha.
"Hili bomba la maji," anasema.
"Ona hesi, hapa palifungwa koki.
Na springi hii ni ya baiskeli."

Bomba la maji.
Ule mradi wa misheni uliokufa kabla ya kutufikia,
mafundi wakitazamana, mabomba yakipungua usiku,
na mhunzi Kadinde aliyelipwa ulanzi debe zima
akafunga mlango mchana kweupe.
Kwa hiyo hakuna Lugalo.
Tulichotundika ukutani miaka yote, tukakipaka mafuta kila Krismasi,
ni kiu ya kijiji.

"Kwetu Ubena," anasema Afande, taratibu,
"wazee waliahidiwa risasi zitageuka maji.
Ninyi mkageuza maji yakawa risasi."
Hacheki. Mimi pia sicheki.

Mstari wa sita: Imewahi kutumika?
Nguruwe, nasema. Shamba letu liko ukingoni mwa msitu.
Sisemi Galinoma,
mdogo wake baba, aliyerudi shambani usiku
kufuata jembe alilolisahau, akainama kuliokota.
Baba aliona mgongo mweusi kati ya mabua.
Tangu hapo hakula tena mahindi ya kuchoma,
na watu walidhani ni meno.

Afande ananitazama kupita urefu wa swali.
Labda ameshawahi kuona kidole kikitetemeka
juu ya neno nguruwe.
Anachovya brashi kwenye rangi nyeupe,
anaandika kitakoni: 47.
Jina la kwanza, siku ya kuzikwa.
Analisukuma pembeni, kwenye rundo,
na miongoni mwa wenzake nashindwa kulitambua upesi:
mabomba, vyuma vya usukani, mbao za mikaratusi,
kila moja, nadhani, na Lugalo yake.

Naweka sahihi. Mstari wa saba:
Umeipata wapi?
Nafasi ni vidole viwili.
Naandika: nyumbani.

Blanketi nimerudi nalo begani, jepesi, linanuka mafuta.
Usiku nguruwe watashuka, hawana habari na msamaha wa serikali.
Tuna debe bovu na mbwa wawili.
Na tuna kinywa:
mtu ataita kwanza, Nani hapo?
asubiri
ajibiwe.